Je, mpanda baiskeli wa Mombasa avae helmeti?

Jumapili alfajiri, jua likiwa bado halijachachamaa, barabara ya Mama Ngina na zile za Nyali huwa na waendesha baiskeli wa aina moja: nguo za kubana, viatu vya mbio, miwani, na helmeti kwa kila kichwa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi wapandaji ni wengine kabisa. Yupo muuza mkate aliyefunga kreti kwenye keria, yupo mwenye madafu yaning'iniayo pande zote mbili za baiskeli yake ya Black Mamba, yupo kibarua anayeelekea Changamwe na kuokoa nauli ya matatu, yupo mwanafunzi aliyempakia mdogo wake kwenye chuma cha mbele. Helmeti hapo huioni.

Kila baiskeli inapogongwa na lori, ubishi huanza upya barazani. Mmoja atasema laiti marehemu angevaa helmeti. Wa pili atajibu kwamba ajali haina kinga, na hata angevaa sufuria, trela la makontena halijui kofia. Wa tatu atataka serikali ilazimishe, kama ilivyolazimisha kwenye pikipiki. Wote hudhani wanabishania jambo moja, kumbe kila mmoja ana lake. Wa kwanza anazungumzia kichwa kinapokutana na lami. Wa pili anazungumzia kinachoua watu barabarani. Wa tatu anazungumzia sheria na askari. Haya ni maswali matatu yenye ushahidi tofauti, na nionavyo mimi, ubishi wa helmeti umedumu zaidi ya miaka thelathini duniani kwa sababu watu hulichukua jibu la swali la kwanza wakalipeleka kwenye la tatu bila kupitia la pili.

Kichwa na lami

Helmeti ya baiskeli ni chombo rahisi. Ganda la nje ni plastiki nyembamba tu. Kazi hufanywa na kilichomo ndani, lile povu gumu jeupe linalozungushiwa televisheni mpya kwenye katoni. Kichwa kikigonga chini, povu hupondeka, na kule kupondeka ndiko kunakookoa: kichwa hakisimami kwa mkupuo mmoja, kinapewa sentimita mbili hivi za kupunguza mwendo, na mshtuko unaofika kwenye fuvu na ubongo unapungua sana. Povu likishapondeka halirudi. Kwa hiyo helmeti ni ya ajali moja, hata kama kwa nje inang'aa.

Tazama sasa inavyopimwa, maana hapa ndipo penye ahadi yake halisi. Kiwango cha Ulaya, EN 1078, hutaka helmeti ivishwe kichwa cha bandia, kisha iangushwe juu ya chuma bapa kwa mwendo wa karibu kilomita 19.5 kwa saa. Mshtuko unaopimwa ndani ya kichwa hicho haufai kuzidi mara 250 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Wamarekani, ambao kiwango chao kimekuwa cha lazima kwa watengenezaji tangu 1999, huangusha kutoka mita mbili na huruhusu hadi mara 300. Mwendo wa kipimo cha Ulaya ni ule wa kitu kilichodondoka kutoka mita moja na nusu, na mita moja na nusu ni takriban kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa juu ya baiskeli. Yaani helmeti imeundwa kwa ajili ya kuanguka. Gurudumu limeingia shimoni, mchanga umekutelezesha kwenye kona, breki ya mbele imekamata ghafla, mbuzi amekatiza njia. Kwa mikasa ya namna hiyo iko nyumbani kwake.

Haikuundwa kwa ajili ya matatu iliyochelewa. Mwendo ukiongezeka mara tatu, nishati ya mgongano huongezeka mara tisa. Kati ya kuanguka kwa kilomita 20 kwa saa na kugongwa na gari linalokwenda 60 pana pengo ambalo sentimita mbili za povu haziwezi kuliziba. Hapo yule bwana wa trela ana hoja. Lakini hoja yake haifiki mbali kama anavyodhani. Magari mengi hayampondi mpanda baiskeli moja kwa moja. Humparaza, humsukuma kwa kioo cha pembeni, naye akaanguka. Kinachomuumiza kichwa wakati huo ni ukingo wa barabara au lami yenyewe, na kwa hilo kofia iliwekwa.

Kuna kasoro moja ambayo vipimo vya zamani havikuigusa. Mtu haanguki wima kama kichwa cha maabara. Huanguka kwa mshazari, kichwa kikazungushwa, na ubongo hauvumilii kuzungushwa ghafla hata kidogo. Huko Stockholm, daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mtafiti Peter Halldin walishughulikia tatizo hilo tangu miaka ya 1990, na kazi yao ikazaa utando mwembamba unaoteleza ndani ya helmeti, unaouzwa kwa jina la MIPS. Ukiona helmeti yenye utando wa manjano ndani, huenda ni huo. Ni nyongeza nzuri, ingawa mwenye kuikosa hajakosa kofia.

Asilimia 85 iliyozunguka dunia

Mwaka 1989 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti kutoka Seattle, Marekani. Watafiti Robert Thompson, Frederick Rivara na Diane Thompson waliwatazama waendesha baiskeli waliofika hospitalini, wakawalinganisha walioumia kichwa na wasioumia kichwa: ni wangapi katika kila kundi walikuwa wamevaa helmeti? Jibu lao lilikuwa kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 85 na ya ubongo kwa asilimia 88. Namba hiyo ilibandikwa kila mahali, kuanzia kwenye mabango ya shule hadi kwenye miswada ya sheria.

Wakosoaji waliiangalia kwa makini zaidi. Wengi katika utafiti huo walikuwa watoto, na wakati ule waliovaa helmeti Seattle walikuwa wachache tena wenye nafasi, waendao bustanini na wazazi wao wakiwa karibu. Wasiovaa ndio waliocheza mitaani kati ya magari. Sasa tofauti ya majeraha ilitoka kwenye kofia au kwenye maisha? Kulinganisha watu ambao tayari walikuwa tofauti kabla ya ajali ni mtego wa zamani wa takwimu. Mwaka 2013, baada ya chama cha waendesha baiskeli cha eneo la Washington kuwasilisha malalamiko rasmi, idara za serikali kuu ya Marekani ziliacha kuitangaza ile 85.

Kuna waliosherehekea kana kwamba helmeti imeshindwa kesi. Haikushindwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000 na kuzipima pamoja. Kwa aliyevaa helmeti, uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa chini kwa asilimia 51, na wa kuumia vibaya kichwa chini kwa asilimia 69. Hata ukikata sehemu kwa sababu ya tofauti za watu, kinachobaki bado ni kingi. Hakuna daktari anayeshona vichwa usiku ambaye angehitaji karatasi hiyo.

Basi swali la kwanza limekwisha. Ukianguka na kichwa kikafika chini, ni heri uwe umevaa. Anayebisha hapa anabisha kwa ajili ya kubisha.

Upo mkanganyiko mwingine mdogo unaostahili kupitiwa upesi: kwamba dereva akikuona na helmeti hukukaribia zaidi. Ian Walker, mwanasaikolojia aliyekuwa Bath, Uingereza, alifunga kipima umbali kwenye baiskeli yake na kurekodi magari takriban 2,500 yakimpita. Matokeo yake ya 2007 yalionyesha kwamba alipovaa helmeti magari yalipita sentimita 8.5 karibu zaidi kwa wastani. Katika jaribio hilohilo alivaa wigi la nywele ndefu aonekane kama mwanamke, madereva wakampa nafasi kubwa zaidi. Na katika utafiti huohuo aligongwa mara mbili, na basi na lori, mara zote akiwa na helmeti kichwani. Kisa hicho husimuliwa sana kwa kuwa kinachekesha. Mwaka 2013 Olivier na Scott Walter walizichambua upya data zake wakasema tofauti hiyo haibadilishi idadi ya magari yanayopita karibu kiasi cha kuhatarisha. Kwangu mimi sentimita nane si za kumfanya mtu aache kofia yake nyumbani. Mombasa tungefurahi tukipata nafasi ya kupima.

Kinachoua

Tangu 2021 Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani. Kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Nyuma yao wako waendesha pikipiki na abiria. Wapanda baiskeli ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, na sababu mojawapo ni kwamba wamepungua. Kabla ya pikipiki za Asia kujaa nchini, bodaboda zenyewe zilikuwa baiskeli, na kiti cha nyuma kilikuwa na mto wa sponji.

Fikiria sasa ni wapi hasa mpanda baiskeli wa Mombasa huhatarika. Ni njia ya Makupa kupita Kibarani hadi Changamwe na Miritini, ambako malori ya bandarini huenda yamefuatana na hewa ya tairi zao inakuvuta ubavuni. Ni daraja la Nyali asubuhi, baiskeli ikigombea nafasi na mkokoteni na tuk-tuk. Ni barabara ya Malindi kuanzia Kongowea hadi Mtwapa, ambako matatu hutoka na kuingia kila kituo bila ishara. Ni mahali lami inapoishia kwa kidato cha kiganja kizima, chini yake mchanga, hivi kwamba ukipigiwa honi una mawili: ubaki juu ugongwe au ushuke uanguke. Na ni usiku, bila taa ya barabara, na baiskeli isiyo na hata rifleta nyuma.

Helmeti haigusi hata moja katika hayo. Haipunguzi idadi ya ajali. Kinachoweza kupunguza ni mwendo wa magari, nafasi ya kupita, na kuonekana. Kikomo cha mijini nchini Kenya ni kilomita 50 kwa saa, na Azimio la Stockholm la 2020, lililopitishwa kwenye mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilipendekeza 30 pale magari na watu wanapochanganyika. Tofauti ya namba hizo mbili inaonekana ndogo kwa aliye ndani ya gari. Kwa anayegongwa ni tofauti ya aliyevunjika mguu na aliyezikwa.

Waholanzi ndio mfano unaotajwa kila mara, na hutajwa vibaya. Watu husema: angalieni Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, karibu hakuna avaaye helmeti na wanaokufa ni wachache kwa wingi wa safari zao. Ni kweli, lakini haikudondoka mbinguni. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani na kuanzisha harakati waliyoiita Komesheni Mauaji ya Watoto. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, serikali ikapata sababu ya pili ya kuisikiliza baiskeli. Ikajenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari, ikapunguza mwendo mitaani, ikabadilisha makutano, na ikaendelea kwa miongo. Mholanzi hakuanza kwa kuvua helmeti. Alianza kwa kuondoa kilichoifanya ihitajike sana. Hata hivyo siku hizi wazee wa huko wenye baiskeli za umeme huanguka na kuumia vichwa, na madaktari na serikali wanawahimiza wavae kwa hiari. Kwa hiyo anayemtumia Mholanzi kama ushahidi kwamba kofia haina kazi amekosea. Na anayetaka Mombasa iige kichwa wazi cha Amsterdam bila kuiga njia za Amsterdam amekosea zaidi.

Wingi wa wapandaji nao ni kinga. Peter Jacobsen, mtafiti wa California, alionyesha mwaka 2003, kwa data za miji ya California, ya Denmark na nchi kadhaa za Ulaya, kwamba waendao kwa miguu na kwa baiskeli wakiongezeka maradufu, hatari ya kila mmoja wao hupungua kwa karibu theluthi moja. Madereva huzoea kuwaona. Shikilia hilo, maana ndilo linaloivuruga hoja ya sheria.

Askari kwenye kituo

Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza duniani kulazimisha kila mpanda baiskeli avae helmeti, tarehe 1 Julai 1990. Majimbo mengine yakafuata ndani ya miaka miwili, na New Zealand ikaingia 1994. Uvaaji ulipanda kwa kasi. Majeraha ya kichwa yakashuka. Lakini hesabu za barabarani Melbourne, zilizofanywa vituo vilevile kabla ya sheria na mwaka mmoja baadaye, zilionyesha waendesha baiskeli wamepungua kwa asilimia 36, na waliopungua zaidi ni vijana. Majeraha ya kichwa yalishuka kwa sababu vichwa vilifunikwa, au kwa sababu vichwa vilibaki nyumbani?

Wabishi wa pande zote wamekula chumvi wakibishania hapo. Victoria wakati huohuo ilikuwa imewasha kamera za mwendo na kupima madereva ulevi, kwa hiyo hata waendao kwa miguu waliumia kichwa kidogo kuliko awali. Watafiti wa New South Wales, jimbo jingine la Australia, wakaja na njia ya werevu: badala ya kuhesabu vichwa peke yake, walilinganisha majeraha ya vichwa na ya mikono ya wapanda baiskeli walewale. Kama shida ilikuwa ni watu kupungua tu, mikono na vichwa vingeshuka pamoja. Vichwa vilishuka zaidi, hadi asilimia 29 zaidi. Basi sheria ilifanya kazi kwa vichwa. Wengine husema pia kwamba upungufu wa wapandaji ulikuwa wa muda. Lakini swali la vijana walioacha baiskeli halikufutika, kwa sababu anayeacha baiskeli hapati ajali ya baiskeli. Hupata presha na kisukari. Na huko Melbourne mradi wa baiskeli za kukodi ulioanza 2010 ulisuasua hadi ukafungwa 2019, wakati ule wa Dublin, ulioanza 2009 bila sharti la helmeti, ulijaa wateja. Mexico City iliifuta sheria yake mwaka 2010, ikiwa inazindua baiskeli zake za kukodi. Israel iliilegeza kwa watu wazima mjini mwaka 2011. Hispania imechagua katikati: watu wazima huvaa kwenye barabara za nje ya miji, na walio chini ya miaka 16 huvaa kila mahali.

Mfano unaonigusa zaidi, kwa kuwa unatufanana, unatoka tena Seattle, mji uliozaa ile 85. Wilaya ya King, ambayo Seattle imo ndani yake, ilikuwa na sharti la helmeti tangu 1993, na Seattle yenyewe ikaingizwa 2003. Februari 2022 bodi ya afya ya wilaya ililifuta. Hakuna aliyesema helmeti ni mbaya. Walichogundua ni nani alikuwa akiandikiwa faini: uwezekano wa mpandaji mweusi kuandikiwa ulikuwa karibu mara nne ya ule wa mweupe, na karibu nusu ya faini za miaka ya mwisho ziliangukia watu wasio na makazi. Sheria ya kichwa ilikuwa imegeuka sababu ya kumsimamisha maskini.

Sasa ilete hiyo Mombasa. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Kwa pikipiki sina ubishi nayo: mwendo ni mkubwa, na mapitio ya tafiti ya 2008 yalikuta helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia 42. Lakini itazame ilivyo barabarani. Mwendeshaji anayo moja, ameitundika kwenye mkono au juu ya tangi, huivaa akikaribia kizuizi. Abiria hana. Akipewa, huikataa, maana imevaliwa na vichwa ishirini kabla yake na inanuka. Tulipita njia hiyohiyo na Sheria za Michuki za 2004. Mikanda iliwekwa kwenye matatu, na abiria wakajifunza kuishika mapajani bila kuifunga kila walipoona polisi, kwa sababu ilikuwa na grisi na shati ni la kazini.

Sharti kama hilo likifika kwenye baiskeli, atakayesimamishwa si yule wa Jumapili mwenye kofia ya bei kubwa. Atasimamishwa muuza mkate. Helmeti mpya iliyopimwa inaweza kumla mapato ya siku kadhaa, na akikamatwa bila hiyo, sote twajua mazungumzo yatakavyokwenda na yatakavyoisha. Wengine wataiweka baiskeli ukutani. Na kwa hesabu ya Jacobsen, kila anayeiacha anamwongezea hatari anayebaki. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: kwa mtu mzima, hapa, leo, sheria ya helmeti ya baiskeli ingedhuru kuliko kufaa. Kwa watoto nina msimamo mwingine. Mtoto huanguka sana, huanguka kwa mwendo mdogo, na hajachagua hatari yake mwenyewe. Helmeti na mtoto zimeumbiana. Lakini kazi hiyo ni ya mzazi na mwalimu mkuu kwenye lango la shule, si ya askari wa trafiki.

Sheria ningeitaka ielekezwe kwenye taa na rifleta za nyuma, kwenye mwendo wa magari, na kwenye mikataba ya barabara zinazopanuliwa, ili ukingo wa lami uwe mahali pa kupita. Taa ndogo ya betri ni rahisi kuliko helmeti na huzuia ajali isitokee kabisa.

Ukiamua kuvaa

Malalamiko ya kwanza Mombasa ni joto, na si ya uvivu. Mchana wa Februari hewa ni ya maji. Helmeti yenye matundu hupitisha upepo vizuri ukiwa mwendoni; mateso huja ukisimama kwenye foleni ya feri Likoni. Usiende kutafuta ahueni kwa kuvaa ya pikipiki eti ndiyo ngumu zaidi. Ni nzito, hufunika masikio, na utaivua kabla hujafika Saba Saba.

Baraghashia haikai chini ya helmeti. Ikunje uitie mfukoni. Kwa dada anayevaa hijabu, mtandio mwepesi uliobana kichwa unakaa vyema ndani, mradi pini zisiwe upande wa kichwa na mafundo yasiwe nyuma, kisha kamba zirekebishwe akiwa amekwisha kujifunga, sio kabla. Helmeti ikae bapa, vidole viwili juu ya nyusi. Wengi huivaa imeangalia mbinguni, paji la uso lote nje, na paji hilo ndilo hugonga mwanzo. Kamba zikutane chini kidogo ya sikio, na kidole kimoja tu kipenye chini ya kidevu.

Ya mtumba? Hapo ni bahati nasibu. Huwezi kujua ilianguka wapi. Igeuze, bonyeza povu kwa kidole gumba mahali pengi, tafuta ufa, sehemu iliyobonyea au iliyopauka kwa jua. Ukikuta hata kimoja, mrudishie mwenyewe. Angalia ndani kama ina kibandiko cha EN 1078 au cha CPSC, kile kiwango cha Wamarekani, ingawa kibandiko nacho huchapishwa. Usiiache juani juu ya paa la banda kila siku, na usiipake rangi wala kuitoboa ili kutia taa.

Na ikishagongwa hata mara moja, kata kamba zake na uivunje povu kabla ya kuitupa. Mji huu hautupi kitu: usipoiharibu itaokotwa, itafutwa vumbi, na wiki ijayo itakuwa kichwani mwa mtoto wa mwenzio, na mama yake ameilipia akiamini imemkinga.